Chuo cha Biashara Kinajuaje Kwamba Mwanafunzi Amejua?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Mkoa wa Singida

Natumaini mmekwisha kaa, na walio nyuma wanasikia sawasawa. Mwalimu wa darasa, tafadhali sogeza ubao na chaki. Leo tutafanya hesabu moja. Katikati ya somo nitanyamaza ili mwifanye ninyi wenyewe, kisha nitarudi.

Somo hili limetokana na swali la mzee mmoja. Nilikuwa nimetembelea darasa moja upande wa Ikungi. Jioni, tulipokwisha funga vitabu, mzee huyo alinifuata mpaka penye pikipiki yangu. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Akasema: "Mwalimu, mwanangu yuko chuo cha biashara mjini. Nimeuza mbuzi saba, na alizeti ya mwaka huu imekwenda yote huko. Amekuja likizo na karatasi hii. Ina B, ina C. Herufi hizi sasa nazisoma mwenyewe, nawashukuruni. Lakini zinasema nini? Kijana anajua kazi au hajui?"

Sikumjibu vizuri siku ile. Nilimwambia tu kwamba B ni alama nzuri. Akanitazama kama mnunuzi anavyomtazama muuza vitunguu aliyekataa kufungua gunia. Basi leo nataka tulifungue gunia hilo.

Kwanza tujue kazi ya vyuo hivi. Chuo cha Elimu ya Biashara kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1965, miaka mitatu na kidogo baada ya Uhuru wa Tanganyika. Nchi ilihitaji watu wake wa kuandika hesabu, kununua na kuuza, kutunza ghala, na kusimamia mizani na vipimo. Leo chuo hicho kina matawi Dodoma, Mwanza na Mbeya. Hapa kwetu, mjini Singida, kuna kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania. Wengi wenu mmewaona vijana wake wakipita na vitabu.

Sasa fikiri kijana huyo anakwenda wapi akimaliza. Mwingine ataajiriwa na kiwanda cha kukamua alizeti. Mwingine atakuwa mtunza vitabu wa chama cha ushirika cha msingi, yaani chama chenu. Ninyi mtaleta magunia, yeye ataandika. Akiandika 43 mahali pa 34, ni jasho la mtu. Akiweka fedha sandukuni bila kutoa stakabadhi, hakuna atakayejua zilikuwa ngapi. Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, ambalo liliundwa mwaka 1982, lina kazi ya kukagua vitabu vya vyama. Lakini mkaguzi huja jambo likiwa limekwisha tendeka. Wenyewe husema: mali bila daftari huisha bila habari. Mimi naongeza kwamba hata lenye daftari huisha, ikiwa mwenye kuliandika alifaulu mtihani asioujua.

Utauliza, mtu hufauluje jambo asilolijua? Inawezekana sana, nami nitatoa ushahidi juu ya nafsi yangu. Zamani kidogo, kabla sijawa ofisa elimu, nilifundisha darasa la jioni la wafanyabiashara wadogo. Mwisho wa mwezi niliwapa jaribio. Swali moja lilisema: "Stakabadhi ni nini?" Karibu wote waliandika kama nilivyowasomea: stakabadhi ni hati inayothibitisha kwamba fedha zimepokewa. Nikafurahi, nikawapa alama zote. Juma lililofuata nilimpa mama mmoja kitabu cha stakabadhi, nikampa na noti ya Sh. 10,000, nikamwambia, "Nimenunua mafuta ya Sh. 7,500, niandikie." Akageuza kitabu juu chini. Hakujua nakala ipi ni yangu na ipi inabaki kitabuni, wala kama aandike 10,000 au 7,500. Tena yeye ndiye aliyepata alama za juu katika jaribio langu! Kosa halikuwa lake. Mimi nilipima kumbukumbu, kumbe nilitaka kupima mikono.

Basi vyuo vimejifunza kuanza upande wa pili. Kabla ya kuandika somo watafundisha nini, huandika kwanza mwanafunzi ataweza kufanya nini somo likiisha. Jambo hilo huitwa matokeo ya kujifunza. Tazama maneno haya mawili. La kwanza: "Mwanafunzi atafahamu daftari la fedha taslimu." La pili: "Mwanafunzi ataweza kuandika mapato na matumizi ya juma moja katika daftari la fedha taslimu, na kupata salio." La kwanza huwezi kuliona kwa macho. Mtu akikuambia "nimefahamu" utamwambia nini? La pili utampa daftari na kalamu, utakaa, utatazama. Matokeo yaliyoandikwa vizuri huwa na tendo ndani yake: kuandika, kukokotoa, kulinganisha, kutoa taarifa.

Hapa Tanzania jambo hili halikuachiwa kila mwalimu kwa hiari yake. Mwaka 1997 ilitungwa sheria ya kuunda Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi. Siku hizi baraza hilo husimamia pia mafunzo ya ufundi stadi. Lenyewe limepanga elimu ya vyuo hivi kwa viwango vyenye namba. Kiwango cha 4 ni cheti cha mwanzo, cha 6 ni stashahada, cha 8 ni shahada ya kwanza, mpaka cha 10 ambacho ni uzamivu. Kila kiwango kina matokeo makuu yanayotakiwa, na kila tokeo kuu limegawanywa katika matokeo madogo. Mtunga mtihani hutakiwa kuyatazama hayo. Asitunge swali kwa sababu tu limempendeza.

Haya, sasa hesabu yetu. Mwalimu wa darasa, andika ubaoni. Hiki ni kikundi cha kukamua alizeti. Nimekibuni mimi, msikitafute.

Asubuhi ya Jumatatu sandukuni mlikuwa na Sh. 120,000.
Kikundi kiliuza mifuko 10 ya mashudu, kila mfuko Sh. 18,000, kikalipwa taslimu.
Kilinunua mifuko mitupu 40, kila mmoja Sh. 1,500, kikalipa taslimu.
Kiliwalipa vibarua Sh. 25,000.
Jirani mmoja alichukua dumu la mafuta la Sh. 45,000. Akasema, "Nitalipa mwisho wa mwezi."
Jioni ya Jumamosi mweka hazina alihesabu fedha za sandukuni, akapata Sh. 205,000.

Maswali ni mawili. La kwanza: kwa mujibu wa daftari, sandukuni mlipaswa kuwa na shilingi ngapi? La pili: mtunza vitabu afanye nini? Nanyamaza.

(Hapa redio ilinyamaza kwa dakika tano.)

Bila shaka mmemaliza. Tuanze pamoja. Tulikuwa na 120,000. Mashudu ni mifuko 10 mara 18,000, ni 180,000. Jumla 300,000. Mifuko mitupu ni 40 mara 1,500, ni 60,000. Ongeza vibarua 25,000, matumizi yote ni 85,000. Toa 85,000 katika 300,000, inabaki Sh. 215,000. Je, mmoja wenu amepata 260,000? Huyo ameingiza na dumu la jirani. Dumu limeuzwa kweli, lakini fedha yake haijaingia sandukuni. Linaandikwa mahali pake, katika daftari la wadaiwa. Ahadi ya jirani haihesabiki pamoja na noti.

Sasa swali la pili. Daftari linasema 215,000, sanduku linasema 205,000. Pungufu ni Sh. 10,000. Mtunza vitabu mwema huhesabu tena, hutafuta stakabadhi na hati za malipo, na asipoiona, huandika kwamba fedha imepungua na kuwaarifu viongozi siku ileile. Mtunza vitabu mbaya huandika "chai ya wageni, Sh. 10,000." Hesabu inalingana, na kila mtu analala usingizi.

Tufanye kwamba hilo lilikuwa swali la mtihani wa chuo, lenye alama 10. Mtahini hutoa alama 4 kwa kuandika mapato na matumizi mahali pake. Hutoa 2 kwa kutenga mauzo ya mkopo. Hutoa 2 kwa kupata salio, na 2 za mwisho kwa kutambua upungufu na kutoa taarifa. Jambo moja dogo, maana linawahusu walimu wa madarasa pia: mtahini mwema haadhibu kosa moja mara mbili. Aliyeingiza mkopo kwa makosa akapata 260,000 amekwisha poteza alama 2 za mkopo. Ikiwa hesabu yake nyingine ni sawa kwa namba alizoshika, alama za salio atapewa.

Sasa tazama vijana wawili. Wa kwanza amekosea mkopo, lakini ameona kwamba sanduku halilingani na daftari lake, akatoa taarifa. Amepata 8. Wa pili amefanya yote sawasawa, ila kule mwisho ameandika chai ya wageni. Naye amepata 8. Karatasi zao zitasema jambo moja, na baba zao watafurahi sawasawa. Lakini je, ni watu wa namna moja? Wa kwanza mfundishe juma moja, atajua mkopo. Wa pili usimpe ufunguo wa sanduku.

Kwa hiyo chuo kinachotaka kujua kweli hakitazami jumla peke yake. Hutazama kila tokeo mbalimbali. Na tena hutazama darasa zima. Tuseme wanafunzi ni 40. Waliopata kuandika mapato na matumizi ni 37. Waliopata salio ni 35. Waliotambua upungufu na kutoa taarifa ni 22. Waliotenga mkopo ni 14 tu. Ukimwona mwanafunzi mmoja amekosa mkopo, unaweza kusema hakusoma. Lakini 26 kati ya 40! Hapo mwalimu ajiulize mwenyewe. Pengine alilipitia somo la mkopo siku moja, Ijumaa mchana, watu wakitazama dirishani. Pengine alifundisha kwa mifano ya maduka makubwa ambayo vijana hawajayaona, badala ya duka la kijijini kwao ambako daftari la madeni linaning'inia kwenye kamba. Au swali lenyewe liliandikwa vibaya, halikueleweka. Baadaye hubadili somo, hufundisha upya, na mwaka wa pili hupima tena aone kama 14 wamekuwa 30. Kama namba haikupanda, dawa ile haikuwa dawa.

Kazi hii inachosha, nakiri. Kujumlisha alama na kubandika orodha ukutani ni rahisi zaidi, na mahali pengine mambo huishia hapo.

Mtihani wa mwisho haufanywi peke yake. Mgawanyo unaotumika sana katika vyuo vyetu ni alama 40 kwa majaribio na kazi za katikati ya muhula, na alama 60 kwa mtihani wa mwisho. Mawazo haya yana historia. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba shule zetu zimeutukuza mtihani mno. Mwaka 1974, katika mkutano wa Musoma, chama cha TANU kikaamua kwamba mtihani wa mwisho peke yake usiwe kipimo cha mwanafunzi. Kazi zake za kila siku nazo zihesabiwe.

Lakini zile alama 40 nazo zina mashimo. Wanafunzi sita hupewa kazi ya pamoja. Mmoja huandika, watano huandika majina yao. Mwalimu akisahihisha karatasi, amempima mmoja akadhani amepima sita. Dawa yake ni ya kizamani: mwite kila mmoja mezani, muulize, "Hii 215,000 umeipataje?" Aliyefanya atakuonyesha njia. Asiyefanya ataanza kukohoa.

Halafu kuna mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi hupelekwa ofisini, kiwandani au katika halmashauri kwa majuma kadhaa. Anakuwa na daftari la kuandika kazi za kila siku. Msimamizi wa pale hulitia sahihi, na mwalimu wa chuo huja kumtazama. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo kikubwa, maana hapa sanduku ni sanduku na fedha ni fedha. Lakini nacho huharibiwa, na kinachokiharibu ni huruma. Msimamizi anasema moyoni, "Mtoto wa watu, nisimharibie maisha," naye anaandika "vizuri sana" kila mahali, hata kwa kijana aliyekuwa akija saa nne. Huruma hiyo siipendi. Amemhurumia mtu mmoja, akawasahau wakulima mia watakaoletewa huyo mtu. Ikiwa wewe ni kiongozi wa chama, na kijana wa chuo akaletwa kwenu kujifunza, andika ulichokiona. Kama hakujua kutenga mkopo, andika hivyohivyo. Chuo kinahitaji habari hiyo kuliko sifa.

Wako na wapimaji wa nje. Mitihani ya vyuo hupitiwa na mtahini asiyefundisha pale. Na anayetaka kuwa mhasibu kamili hufanya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972. Chuo kikiona wahitimu wake wenye A wanaanguka huko, kina swali la kujibu.

Labda mmoja wenu anasema, mambo haya ni ya wasomi, sisi wa kisomo yanatuhusu nini? Ndugu, ninyi mlitangulia. Mwezi wa Agosti mwaka 1975 Tanzania iliwapima watu wazima nchi nzima, na waliofanya jaribio hilo walizidi milioni tano. Matokeo hayakuwa "amefaulu" na "ameanguka" tu. Yalipangwa kwa viwango, cha kwanza mpaka cha nne, na walioshika cha tatu na cha nne ndio waliohesabiwa kuwa wamehitimu. Wa kiwango cha nne alitakiwa aweze kukitumia kisomo chake: asome gazeti, atunze kumbukumbu zake, afanye hesabu za kazi yake. Bibi au babu yako huenda alikaa chini ya mti siku ile, na penseli mkononi.

Nirudi kwa yule mzee wa Ikungi. Nilimtafuta tena, nikamwambia hivi: "Mzee wangu, karatasi ya alama itunze, lakini kijana akija likizo mpe na daftari la duka la mama yake. Mwambie aandike mauzo ya juma zima. Siku ya tatu, bila kumwambia, toa Sh. 2,000 katika kopo la fedha. Jumamosi muulize hesabu."

Akacheka sana. "Na akiniambia zimelingana?"

"Basi umpeleke kwa mwalimu wake, mkae watatu."

"Na akisema zimepungua 2,000?"

"Mrudishie, na ada ya muhula ujao uilipe bila wasiwasi."

Sijapata habari zake bado. Mavuno ya alizeti yameanza, na kijana yuko chuoni.

Kazi yenu ya juma hili ndiyo hii. Kila mmoja achague biashara moja anayoijua: kuku, vitunguu, mama lishe, mashine ya kusaga. Aandike katika daftari mambo matatu ambayo mtu wa kuajiriwa katika biashara hiyo lazima aweze kuyafanya. Kila jambo lianze na tendo linaloonekana. Msiniandikie "kufahamu" wala "kujua". Kisha, chini ya kila jambo, aandike angempa kazi gani mtu huyo ili amwone akilifanya. Mwalimu wa darasa, kusanya madaftari Alhamisi na uchague matatu uyalete kituoni kwetu mjini. Kipindi kijacho nitayasoma hewani, nasi tutajaribu kuyapima maswali yenu kama mnavyotaka vyuo viwapime watoto wenu.

Zimeni redio, msisahau kufuta ubao. Usiku mwema.